NJIA PANDA ZA ANGANI: HISTORIA FUPI YA VIWANJA VYA NDEGE VYENYE ABIRIA WENGI DUNIANI

Utangulizi

Orodha za viwanja vya ndege vinavyohudumia abiria wengi duniani huchapishwa kila mwaka, na jina linaloongoza huwashangaza wanafunzi wengi. Si London, si Tokyo, wala si New York. Ni Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani ambao wenyewe, ukiacha vitongoji vyake, una wakazi wapatao nusu milioni tu. Mwaka 2024 kiwanja chake kilihudumia abiria wapatao milioni 108. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo lilivyotokea. Hoja yetu ni kwamba wingi wa abiria hauletwi na ukubwa wa mji peke yake. Huletwa na mji kufanywa njia panda. Na njia panda, kama tutakavyoona, huweza kuhama.

Kutoka Chicago hadi Atlanta

Chicago ndiyo iliyotangulia. Kuanzia miaka ya 1930 kiwanja cha manispaa ya mji huo, kilichopewa jina la Midway mwaka 1949, kiliongoza duniani kwa wingi wa abiria. Ndege za pangaboi za wakati huo zilihitaji kutua njiani zinapovuka Marekani, na Chicago ilikuwa tayari makutano makubwa ya reli. Zilipokuja ndege za jeti, barabara za kurukia za Midway zilionekana fupi, na nyumba za watu zilikuwa zimekizunguka kiwanja pande zote. Mashirika ya ndege yakahamia O'Hare, kiwanja kilichoanza kupokea abiria mwaka 1955 pembezoni mwa mji huohuo. Kuanzia miaka ya 1960 O'Hare kiliongoza dunia, hadi kilipopitwa na Atlanta mwaka 1998.

Atlanta nayo ilizaliwa na reli. Katika miaka ya 1830 mahali hapo paliitwa Terminus, yaani mwisho wa njia. Mwaka 1925 manispaa ilikodi uwanja wa mashindano ya magari uliotelekezwa, mali ya Asa Candler, tajiri wa Coca-Cola, kwa miaka mitano bila kulipa pango. Aliyeshikilia jambo hilo kidete ni diwani William Hartsfield, ambaye baadaye alikuwa meya. Mwaka 1941 shirika la Delta lilihamishia makao yake makuu hapo. Delta likabuni utaratibu wa kukusanya abiria kutoka miji midogo, kuwashusha wote Atlanta, kisha kuwagawa upya kwenye ndege nyingine. Ni mfano wa gurudumu la baiskeli: spoku ni nyingi, kitovu ni kimoja. Sheria ya mwaka 1978 iliyoyapa mashirika ya Marekani uhuru wa kuchagua njia na nauli iliueneza utaratibu huo nchi nzima. Ndiyo maana watu wa kusini mwa Marekani hutaniana kwamba hata anayekwenda peponi hana budi kubadili ndege Atlanta.

Aidha, kiwanja hicho kina historia ya haki. Maynard Jackson, aliyechaguliwa mwaka 1973 kuwa meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, alikuta kampuni za watu weusi zikiambulia chini ya asilimia 1 ya zabuni za manispaa. Ulipofika wakati wa kujenga jengo jipya la abiria, alishikilia kwamba takriban robo ya kazi iende kwa kampuni za wachache waliokuwa wametengwa. Alipingwa sana, lakini hakurudi nyuma, na jengo lilifunguliwa mwaka 1980. Tangu mwaka 2003 kiwanja kinabeba majina ya mameya wote wawili, Hartsfield na Jackson.

London na Dubai

Kwa safari za kimataifa, Heathrow ya London iliongoza kwa miongo mingi. Ilipofunguliwa kwa abiria wa kawaida mwaka 1946, abiria walihudumiwa ndani ya mahema ya kijeshi. Dubai ilianza nyuma zaidi: mwaka 1960 barabara yake ya kurukia ilikuwa ya mchanga ulioshindiliwa. Mwaka 1985 serikali ya Dubai ilianzisha shirika la Emirates kwa ndege mbili za kukodi kutoka Pakistani. Mwaka 2014 Dubai ikaipita Heathrow kwa idadi ya abiria wa kimataifa.

Afrika na Entebbe

Barani Afrika, Johannesburg iliongoza kwa muda mrefu; katika miaka ya karibuni Cairo imeipita. Addis Ababa nayo, kwa nguvu za Shirika la Ndege la Ethiopia, imekuwa njia panda ya bara zima.

Hata kwetu Entebbe tumewahi kuwa njiani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti yenye ratiba ya kawaida ya abiria. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, kwa sababu haikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta. Ndege zilipopata uwezo wa kuruka mbali zaidi, hazikuwa na haja ya kutua. Kituo kilichotegemea udhaifu wa ndege kilipoteza wageni wake pale udhaifu huo ulipotibiwa.

Abiria huhesabiwaje?

Hapa mwalimu wa lugha ana la kusema. Mfanyabiashara anayetoka Entebbe kwenda Guangzhou kupitia Dubai ni msafiri mmoja, lakini kiwanja cha Dubai humhesabu mara mbili: anaposhuka na anapopanda tena. Hivyo, abiria milioni 108 wa Atlanta si watu milioni 108. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Guangzhou iliipita Atlanta kwa takriban abiria milioni 43.8 dhidi ya milioni 42.9. Mwaka 2021 Atlanta ikarejea kileleni.

Hitimisho

Leo nchi za kanda yetu zinapanua viwanja vyao, na Rwanda inajenga kipya huko Bugesera. Kila nchi inatamani kuwa kitovu. Historia inatufundisha kwamba saruji haitoshi: Atlanta ilikuwa na Delta, Dubai ina Emirates, Addis Ababa ina shirika lake. Vilevile inatufundisha kwamba anayebadili ndege tu huenda asiache mjini hata senti moja. Faida hubaki pale ambapo wenyeji wamepata zabuni na ajira, kama alivyodai Jackson. Kwa hiyo, mwanafunzi anapokutana na orodha ya namna hii, aulize maswali matatu: nani amehesabiwa, amehesabiwa mara ngapi, na wenyeji wamebakiwa na nini? Penye wengi pana mengi, lakini si wote wapitao wanaofikia hapo.