Gramu 50 Zilizoutoa Muziki Sebuleni

Hedifoni hazikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, fundi wa Utah nchini Marekani, alikuwa akiziunda jikoni kwake na kuliuzia jeshi la majini, lililozihitaji kwa mawasiliano ya redio. Muziki ulikuja baadaye: mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za stereo kwa wapenzi wa santuri. Zilikuwa za kutulia nazo kitini.

Kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo.

Julai 1979 Sony iliingiza Walkman, kicheza-kaseti cha kubebeka, sokoni huko Japani. Wengi hukumbuka kile kisanduku cha buluu na fedha, lakini kazi kubwa ilifanywa na hedifoni zake. Nyingine za wakati ule zilifika gramu 300 hadi 400. Hizi zilikuwa na takriban gramu 50 tu: utepe mwembamba wa chuma, spika mbili ndogo, na sponji laini iliyogusa sikio bila kulifunika. Zingekuwa nzito, nani angetembea nazo mtaani? Kifaa chenyewe kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja.

Mwaka 1984 kampuni ya Koss ikaleta hedifoni za Porta Pro, za kukunjwa na kutiwa mfukoni. Umbo lake halijabadilika sana, na hadi leo zinauzwa kwa bei ya chini kuliko hedifoni nyingi za kifahari. Sponji ikichakaa, huvishwa nyingine. Basi mnunuzi mwenye fedha kidogo, kabla ya kutazama rangi na jina, muulize muuzaji kwanza: sponji hii ikichanika, nyingine nitaipata wapi?