Udongo nao unapimwa



Mtu wa agronomia anayeongea umeme? Msicheke kwanza. Hii habari inaanzia kwenye udongo, na udongo njo kazi yetu.

Hapa Mangobo nilishika siku moja mashini ya kusaga pondu, ikanishtua mkono. Mwenyewe akasema: "Vaa sandali." Lakini waya wa ardhi ulikuwako, umefungwa kwenye chuma kilichopigwa chini. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kukipima.

Mwaka 1838, Mjerumani Steinheil aliona kwenye kazi yake ya telegrafu kwamba ardhi inaweza kurudisha umeme, waya mmoja unatosha. Kumbe ardhi ni njia! Lakini ni njia nzuri kila fasi? Mwaka 1915, Frank Wenner wa Marekani alitoa namna ya kujua: vyuma 4 kwenye mstari mmoja, umbali sawa. Vya pembeni vinapitisha umeme, vya katikati vinapima volti. Watu wa udongo nasi tunaitumia mpaka leo, kwa kutafuta maji na chumvi.

Kwetu, bwawa la Tshopo lilileta umeme miaka ya 1950, na viwanda vikaufuata. Wakati huo Yangambi, ambako INEAC ilianza 1933, walikuwa wanachunguza udongo wetu: mvua imeuosha, chumvi zimebaki kidogo. Ile chumvi inayolisha mmea njo inabeba pia umeme. Kwa hiyo udongo maskini kwa mahindi ni maskini pia kwa waya wa ardhi.

Kupima chuma chenyewe, unazima mashini na kufungua waya wake. Unapiga chuma kingine mbali, na cha tatu katikati yao, kwenye 62% ya umbali. Ukikisogeza kidogo na namba ikabadilika sana, kile cha mbali kiko karibu mno.

Namba gani inafaa? Disjonkta ya kukata kwa ampea 0.5, na volti 50 za mwisho: 50 gawanya kwa 0.5 ni omu 100. Ikipita hapo, mashini inaweza kubeba volti za hatari bila kukatika.

Tena, usipime paka wakati wa mvua. Chuma kinachofaulu mwezi wa 10 kinaweza kuanguka mwezi wa 2, udongo ukikauka.

Yule mama wa pondu anasimama miguu wazi, chini kuna maji. Sandali si jibu. Nani kati yetu, watu wa udongo na watu wa umeme, atakwenda kupima?