Kipachiko: Istilahi ya Kurasa za Tovuti

Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, baadhi ya kata zilibadili wilaya. Chonyonyo ilibaki Karagwe. Tuseme kila kata ina ukurasa wake wa tovuti: je, kichwa chenye jina la wilaya kisahihishwe ukurasa kwa ukurasa? La. Seva ya NCSA ya Marekani, na Apache iliyoirithi mwaka 1995, ziliwezeshwa kusoma amri fupi iliyofichwa ukurasani, zikachota faili nyingine na kuitia mahali pa amri kabla ya kumpelekea msomaji. Kichwa huandikwa mara moja tu.

Faili hiyo tuiiteje? "Kiambatisho" hufuata nyuma ya barua. "Kiingizo" kimekwisha kutwaliwa na wanakamusi. Twapendekeza "kipachiko", kwa kuwa kinachopachikwa huweza kubanduliwa.