Fimbo ya gofu haizeeki kwa kalenda

Kila mwaka viwanda vya vifaa vya gofu hutoa draiva mpya, yaani fimbo ya pigo la mbali, na kila mwaka mnunuzi huambiwa kwamba ya mwaka jana imepitwa. Historia ya chombo hiki haiungi mkono madai hayo. Tangu Scotland ya karne ya 19, mageuzi ya kweli yamekuwa machache, yameachana kwa miongo, na mengi yalikuja pale malighafi ilipobadilika.

Kabla ya mwaka 1848 hivi, mpira wa gofu ulikuwa mfuko wa ngozi ulioshindiliwa manyoya. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, kwa hiyo ilikuwa ghali, na pigo baya la fimbo ya chuma lingeweza kuupasua. Ndiyo maana fimbo nyingi zilikuwa za mbao, zenye vichwa virefu vyembamba. Ulipoingia mpira wa utomvu mgumu wa miti ya Malaya, bei ilishuka na hatari ikahama: sasa kilichopasuka kilikuwa kichwa cha fimbo. Mafundi wakafupisha vichwa na kuvinenepesha, na fimbo za chuma zikaongezeka mifukoni. Allan Robertson wa St Andrews, bingwa aliyeishi kwa kutengeneza mipira ya manyoya, aliupinga mpira huo uliotishia riziki yake, hata akakosana na Tom Morris aliyekuwa akifanya kazi kwake. Baadaye naye aliutengeneza. Hakuhitaji tangazo la kumshawishi, maana tofauti ilionekana kwa macho.

Mpini ulikawia zaidi kubadilika. Ulitengenezwa kwa mti wa hikori, ambao hujisokota kidogo fimbo inaposhuka, na mipini miwili haifanani kabisa, kwa hiyo mchezaji alilazimika kuizoea kila fimbo peke yake. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliruhusu mipini ya chuma mwaka 1924, na R&A (chama cha Scotland kinachosimamia sheria za gofu) ikaikubali mwaka 1929. Hapo viwanda viliweza kutoa fimbo zinazolingana, kuzipa namba badala ya majina ya zamani, na kuziuza kwa seti. Mifuko ikafurika mpaka USGA ikaweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938, na R&A ikafuata mwaka 1939. Hata hivyo Mmarekani Bobby Jones alitwaa mataji yote manne makubwa ya mwaka 1930 kwa mipini ya hikori, ilhali chuma kilikuwa halali pande zote mbili za Atlantiki. Upya peke yake haukumtosha. Alibaki na fimbo zilizokubaliana na mwendo wa mikono yake.

Atakayenipinga atataja umbali. Kwenye mashindano ya PGA Tour, wastani wa pigo la draiva ulikuwa yadi 257 hivi mwaka 1980, na mwaka 2023 ulikaribia 300. Hoja hiyo ni nzito, lakini tuangalie ongezeko hilo lilitokea lini. Kufikia mwaka 2003 wastani ulikuwa tayari yadi 286 hivi. Nyuma yake kulikuwa na vichwa vya chuma vilivyoenea baada ya mwaka 1979, titani katikati ya miaka ya 1990, na mipira mipya iliyoshika soko kuanzia mwaka 2000. Titani ni nyepesi na imara, kwa hiyo kichwa kiliweza kukuzwa na uzito kusogezwa pembezoni, na pigo lililokosa katikati likapunguziwa adhabu. Hilo lilimfaa mchezaji wa kawaida kuliko bingwa. Kisha sheria ikafunga mlango: tangu mwaka 2004 kichwa hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460, na mrusho wa uso wake una kipimo. Yadi 14 zilizoongezeka katika miaka 20 iliyofuata zimetokana pia na miili yenye mazoezi na mitambo ya kupimia mpira angani.

Kwa hiyo mwenye draiva ya mbao, au ya chuma ya miaka ya 1980, atafaidika akibadilisha. Mwenye ya miaka mitano iliyopita, fedha zake ziende kwanza kwa fundi wa kumpimia urefu na ugumu wa mpini na mwinamo wa uso wa fimbo, kisha kwenye mishikio iliyochakaa. Msomaji, kapimwe kabla hujanunua.