Mama Alilaumiwa, Kisha Akaitwa Kucheza

Tuna methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali nzuri. Lakini mtoto afikapo miaka mitatu bila kutamka neno, wala hageuki akiitwa, methali hiyo hugeuka fimbo ya kumchapia mama yake. Na tusidhani ni sisi tu. Huko Marekani fimbo hiyo ilishikwa na mabingwa.

Mwaka 1943 Dakta Leo Kanner wa Baltimore alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji. Aliandika kuwa walizaliwa nayo, lakini pia alitaja ubaridi wa wazazi wao. Watu wakalishika hilo la pili. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu akiwatwika wazazi lawama, hasa mama, na shuleni kwake mtoto alitengwa na wazazi wake. Hali miaka mitatu kabla, Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuandika kuwa chanzo kimo mwilini. Rimland ndiye aliyekuwa na haki.

Sasa, ikiwa mama hana kosa, maneno yatafundishwaje? Ivar Lovaas wa Los Angeles alimketisha mtoto kitini, arudie sauti. Akipatia, hupewa kipande cha chakula. Katika miaka ya 1960 hata makofi yalitumika. Mwaka 1987 alitangaza habari za watoto 19 waliofunzwa saa 40 kwa wiki, na kwamba 9 kati yao waliendelea vizuri darasa la kwanza. Dunia ikashangaa.

Mwaka huo huo kulitoka makala nyingine, ndogo, ya watoto wawili tu. Robert Koegel, aliyewahi kufanya kazi na Lovaas, pamoja na wenzake wa Santa Barbara, walimwacha mtoto achague mwenyewe cha kuchezea. Akijaribu kusema "mpira", hata kwa kigugumizi, hapewi peremende; anapewa mpira. Jambo dogo hilo, lakini kwangu mimi ndilo lililogeuza mambo: neno likawa na kazi.

Mwaka 2010, miaka 43 baada ya kitabu cha Bettelheim, Jonathan Green na wenzake wa Uingereza walitoa matokeo ya watoto 152. Nusu yao wazazi walifundishwa namna ya kucheza nao. Mwanzoni mazungumzo ya mzazi na mtoto yalistawi, ila dalili za usonji zilibadilika kidogo mno. Ripoti ya mwaka 2016, baada ya miaka kama sita, ilionyesha dalili zimepungua kuliko kwa wale wengine. Usonji haukuondoka, na hakuna aliyeahidi hivyo.

Na somo lenyewe? Mama hupigwa picha za video akicheza na mwanawe sakafuni, kisha hukaa na mtaalamu wakazitazama pamoja. Humo huonyeshwa pale mtoto alipomtazama, kwa nukta moja tu, naye hakuona.