Kabla ya Kusoma Maendeleo Endelevu, Nenda Kalokol



Siku niliyomwambia mjomba kwamba nimechagua kusoma maendeleo endelevu chuoni, hakucheka wala hakunipongeza. Aliuliza tu: "Hiyo ni ile kazi ya kuja na gari, kuandika, halafu kurudi Nairobi?" Mbuzi waliouzwa kulipa karo walikuwa wake, kwa hivyo alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nikanyamaza. Leo nina nusu ya jibu, na nimelipata kwenye historia ya hapa hapa kwetu.

Ukisoma kozi hii popote duniani, wiki za kwanza utakutana na ripoti moja ya mwaka 1987. Ni kazi ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway. Hiyo ndiyo iliyoeneza maana tunayokariri mpaka leo, kwamba watu watumie cha leo bila kumnyang'anya mtoto ambaye hajazaliwa. Maana nzuri kabisa, sibishani nayo. Lakini kuna kitu wengi wetu hatuambiwi: mwaka huo huo Norway ilikuwa hapa Turkana ikiendesha miradi. Na kule Kalokol, kama kilomita 60 kutoka Lodwar, kiwanda cha samaki ilichojenga kilikuwa tayari kimenyamaza.

Hebu tuanze hapo. Wazo lilikuwa rahisi: wafugaji wanakufa njaa kila ukame, ziwa limejaa samaki, basi wafugaji wawe wavuvi. Kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mamilioni ya dola. Kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki kwenye joto letu hili kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikashinda bei ya samaki mwenyewe. Katikati ya muongo huo, ghuba ya Ferguson ambayo wavuvi waliitegemea ikakauka. Familia zilizokuwa zimehamia ziwani zikabaki bila samaki, na nyingine zilikuwa zishapoteza mifugo. Halafu Oktoba 1990 serikali ya Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere. Wafadhili wakafunga virago. Ugomvi ulikuwa wa Nairobi na Oslo, lakini aliyeachwa na miradi nusu nusu ni mtu wa Turkana.

Tuseme ukweli wote lakini. Barabara ya lami ya kutoka upande wa Kitale mpaka Lodwar na Kalokol ilijengwa kwa pesa za Norway pia, na ilitubeba miaka mingi. Sisemi wageni walikuwa wabaya. Nauliza tu nani alikaa chini na nani kabla ya saruji kumwagwa.

Mfano wa pili unaujua, labda umekuchoma mguu. Mathenge, sisi tunauita etirae, uliletwa nchini miaka ya 1970, kisha miaka ya 1980 ukapandwa huku kaskazini ili kuzuia jangwa. Ukaota, ukaendelea kuota, ukafunga kingo za mito na malisho. Kule Baringo maganda yake yaliwaharibu mbuzi meno mpaka wananchi wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Watu walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka.

Wa tatu ni bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, lenye uwezo wa megawati 106. Nyaya za umeme zilielekea Lessos, kwenye gridi ya taifa. Lodwar ikabaki miaka mingi na jenereta ya dizeli, wakati mto unaopita mlangoni kwake ndio unaowasha taa za wengine. Na mafuriko yaliyokuwa yakinywesha miti ya kingoni yakapungua.

Sasa hiyo miti ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Kando ya Turkwel, tangu zamani, familia zina ekwar. Hiyo ni sehemu ya msitu wa mtoni inayojulikana ni ya nani, hasa ile miti ya ewoi ambayo maganda yake huwalisha mbuzi kiangazi. Hukati mti ovyo. Ukitaka kulisha kwenye ekwar ya mwingine, unaomba. Watu walitumia cha leo na kumwachia mjukuu, bila ripoti yoyote. Kwa nini basi mtoto wa Turkana anasoma maendeleo endelevu kama kitu kilichoshuka na ndege?

Twende Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kupokea wakimbizi, wengi wakiwa vijana wadogo waliotoka vita vya Sudan. Ilikuwa iwe makazi ya muda. Muda gani huo? Zaidi ya miaka 30 imepita, na waliozaliwa pale sasa wana watoto wao. Kile "kizazi kijacho" cha vitabuni kiko darasani Kakuma tayari. Na miaka hiyo yote mwenyeji na mgeni wamegombania kuni na maji kando ya lagha ya Tarach, manake ni vigumu kupanda mti mahali unapoambiwa kila mwaka kwamba utaondoka. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa kwa wazo kwamba wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na soko pamoja. Hilo wazo naliheshimu. Lilichelewa tu miaka 24.

Kwa hivyo wewe unayesoma kozi hii, iwe Lodwar au kwa simu ukiwa ndani ya kambi, jichunge. Tukimaliza, wengi wetu tutaajiriwa na mashirika yale yale. Tutapewa gari na fomu ya maswali, na kwa sababu tunajua lugha, tutaonekana ni wenyeji wanaosikilizwa. Tunaweza kuwa wale wale, tofauti ni jina tu.

Likizo iliyopita nilimwambia mjomba haya yote, na kwamba utafiti wangu wa mwisho nataka uwe juu ya ekwar. Alikaa kimya, akachora mstari mchangani na fimbo yake. "Huu ni mto," akasema. "Kaa. Nianze na miti ya babu yako." Daftari nililiacha mfukoni kwanza.