Usharika na Ujirani: Habari za Walutheri wa Old Moshi, Pamoja na Neno juu ya Kokwet Zetu



Kila mwaka kitabu hiki huwa na hesabu za fedha, majina ya waliotutoka, na kurasa chache za historia. Safari hii historia yatoka mbali kidogo, huko Kilimanjaro, nami nawaomba radhi wale waliotazamia kusoma habari za Silibwet tangu mstari wa kwanza. Sababu yake ni swali lililoulizwa katika mkutano wetu mkuu, likatugawanya, tukaondoka bila jibu: mwanachama aliyekwisha kulipa ada ya msiba, je, yampasa tena kufika penyewe msibani? Wengine walisema ya kwamba fedha yake ndiyo mkono wake. Wazee walio wengi walinyamaza, wala sidhani kimya kile kilikuwa cha kukubali. Basi nikaona heri tuwatazame watu waliokutana na jambo la namna hii kabla yetu.

Walutheri si wengi katika nchi yetu ya chai. Walio karibu nasi ni wale wa Kisii, ambako wamisionari wa Kiswidi walianza kazi pale Itierio mwaka 1948. Sisi wa Silibwet, walio wengi tumelelewa na African Gospel Church ya jirani zetu wa Tenwek, au na Wakatoliki. Lakini penye mlima wa Kilimanjaro Ulutheri una mizizi mirefu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaenea katika nchi za Wamangi mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1902 alifika kijana mmoja mzaliwa wa Dresden, jina lake Bruno Gutmann. Miaka yake mingi aliitumia Old Moshi, pale Kidia, na habari zake ndizo nitakazozieleza.

Siku zile desturi ya misheni nyingi ilikuwa kumtoa mwongofu katikati ya watu wake. Alipewa jina jipya, mavazi mapya, na mara nyingi mahali papya pa kukaa karibu na nyumba ya mzungu. Gutmann aliona hatari katika jambo hilo. Alijifunza Kichagga kwa bidii, akaketi na wazee miaka mingi akiandika sheria zao na mafundisho waliyopewa vijana, hata akavitoa vitabu vikubwa ambavyo wataalamu wavitumia mpaka leo. Aliona ya kwamba Mchagga haishi peke yake katika kihamba chake cha migomba. Maji ya shamba lake yatoka mlimani kwa mfongo uliochimbwa na babu zake pamoja na babu za jirani, na mfongo hauzibuliwi na mtu mmoja. Ukiharibika juu, wa chini wote wakosa maji. Kwa hiyo watu wale walikuwa wamekwisha kufungamana kabla Injili haijafika. Gutmann alizitaja kamba tatu zilizowafunga: ukoo, ujirani, na rika.

Akasema, kanisa lisizikate kamba hizi, bali lijengwe juu yake. Usharika ukagawanywa kwa mitaa, na kila mtaa ukawa na wazee wake wa kanisa waliokaa humo humo, wenye kuwajua watu kwa nyumba na kwa tabia. Majirani wakigombana, shauri lilianza kwa wazee wa mtaa kabla halijafika mbele ya mchungaji. Vijana waliokuwa wakifundishwa kwa ajili ya kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo vya undugu, kwa mfano wa rika za zamani, wapate kuangaliana hata baada ya mafundisho kwisha. Undugu huo uliitwa kwa jina la ngao, kwa kuwa hapo kale wenye ngao walisimama bega kwa bega vitani. Sasa vita ilikuwa ugonjwa, njaa, ulevi na upweke.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye swali letu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoieleza amri ya tano, hakuishia kusema tusimdhuru mtu. Aliongeza ya kwamba yatupasa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Walutheri wa kila nchi wamekariri maelezo hayo kwa moyo. Lakini kukariri ni kitu kimoja, na kumjua huyo jirani ni nani ni kitu kingine. Mtu aweza kuwapenda majirani wote wa dunia, na mgonjwa wa ng'ambo ya kijito akalala siku tatu bila maji. Gutmann, kwa kadiri nionavyo mimi, alitaka amri hiyo ipewe jina na mlango. Ukiambiwa "jirani", ujue ni nyumba ipi, na wenzako wajue kama ulikwenda au hukwenda.

Jambo hili lilijaribiwa upesi kuliko alivyodhani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliitwaa Tanganyika, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, Gutmann akiwa mmoja wao. Kazi iliangukia mikono ya walimu na wazee Waafrika, ambao hapakuwa na mchungaji Mchagga hata mmoja kati yao. Walisaidiwa na wamisionari wachache wasio Wajerumani, na baadaye na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Walikuta shule zinafundisha, ibada zinafanyika, na sharika zimesimama. Si haki kumpa Gutmann sifa yote, maana Machame na Marangu nako, ambako hakuwa yeye, walimu walisimama imara. Lakini yaonyesha ya kwamba ushirika ulioshikwa na watu wa mtaa hausafiri na meli ya mgeni. Wachungaji wa kwanza Wachagga walibarikiwa mwaka 1934. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, Mchagga.

Sitaki kumfanya Gutmann malaika. Aliogopa fedha na aliogopa shule kubwa kupita kiasi, akidhani vyote viwili vitamng'oa Mchagga katika udongo wake. Wachagga wenyewe hawakumsikiliza katika hilo. Walipanda kahawa, wakafanya chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaunda KNCU, chama cha ushirika kilichojulikana Afrika nzima. Wakajenga shule, na watoto wao wakasoma. Mtu aliyeketi katika baraza la kanisa Jumapili ndiye aliyepeleka kahawa yake kwenye mzani wa chama siku ya kazi, na sioni kama jambo moja liliua la pili. Angalieni lugha yenyewe: Walutheri wa kusini ya mpaka huita kusanyiko lao "usharika", na wakulima huita chama chao "ushirika". Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja, kushiriki, nayo yamekaa mlima mmoja bila kugombana.

Kasoro yake ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Kamba ya ukoo humkaza aliye ndani, humwacha aliye nje. Katika nchi ambayo koo hukaa mahali pamoja, mgeni asiye na ukoo yu katika shida, hata akiwa ndani ya kanisa.

Sisi Wakipsigis twatofautiana nao hapa. Koo zetu zimetawanyika tangu zamani. Mtu wa ukoo wangu yuko Sotik na mwingine yuko Belgut, na aliyepakana nami ni wa ukoo mwingine kabisa. Kilichotuunganisha mahali tulipo ni kokwet, pamoja na ipinda, yaani rika. Mzee wa kokwet hakumuuliza mtu ukoo wake kabla ya kusikiliza shauri lake. Palipokuwa na nyumba ya kujengwa au shamba la kupalilia, kokwet ilitoka. Zamani ilitoka kwa pombe. Mafundisho ya misheni yalipoenea, Wakristo wengi walijitenga na kibuyu, na kwa muda ikaonekana kazi ya pamoja itakufa, mpaka sufuria ya chai ilipokubaliwa badala yake. Wazee mnajua kuliko mimi jinsi maneno yalivyokuwa makali.

Lakini siku hizi ndani ya kokwet zetu wanakaa watu ambao babu zetu hawakuwatazamia. Tangu makampuni makubwa ya chai yalipoanza Kericho katika miaka ya 1920, wamekuja vibarua kutoka Kisii, Nyanza na kwingineko. Tangu wenye mashamba madogo walipoanza kupeleka majani viwandani, Kapkoros na Tirgaga, wapo wachumaji waliopanga chumba sokoni ambao hawana hata mti mmoja wa chai. Wanalala karibu nasi kuliko ndugu zetu wa ukoo. Wengi wao si wanachama, kwa kuwa fomu yetu ya kuingia yauliza kijiji cha baba.

Mwaka uliopita mchumaji mmoja alifiwa na mtoto. Hakuwa na kadi yetu, basi hapakuwa na fungu la fedha la kumpa, na hesabu zilikuwa sawasawa. Akina mama watatu wa kokwet ile walikwenda na kuni na unga, wakakaa naye mpaka mazishi. Hawakuandikwa popote, maana kitabu chetu hakina mahali pa kuandika jambo la namna ile.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitaleta maombi mawili mbele ya mkutano ujao. La kwanza, swali la kijiji cha baba liondolewe katika fomu, na mahali pake liandikwe jina la kokwet anayokaa mtu sasa. La pili, kando ya safu ya ada katika daftari la misiba, iwepo safu ya waliofika. Safu hiyo nimekwisha kuipiga mstari kwa penseli, ili mkutano ukikataa iweze kufutika. Daftari liko ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuja kulitazama.